Baba na mama wakwea bembea, watoto wabaki na bibi!

HIVI wewe msomaji wangu, ukisikia mtu na mkewe, watu wazima wenye akili zao timamu, wamefunga mabegi, wakawaacha watoto nyumbani na bibi yao, wakapanda ndege kwenda kupanda bembea, utasemaje? Usijibu haraka. Vuta kiti kwanza. Jambo hili limeshawahi kuitisha kikao cha ukoo mzima, na ukoo wenyewe ni wa kwetu.

Tuelewane mapema. Sizungumzii bembea za Sikukuu ya Iddi pale Mnazi Mmoja, zile ambazo mwenyewe anasukuma kwa mkono huku hela kaibana kwa meno. Zile hata mimi nilizipanda na kigauni changu cha sikukuu, mpaka nilipofika darasa la sita nikaambiwa nimeshakuwa mkubwa, nikome. Nazungumzia bembea za Unyamwezini, kule Disney World, karibu na mji wa Orlando, jimbo la Florida.

Eneo lenyewe ni kama ekari 25,000, yaani kilometa za mraba 100 hivi. Ukidhani ni kiwanja cha shule umepotea. Bustani ya kwanza, Magic Kingdom, ilifunguliwa Oktoba 1, 1971. Ya pili, Epcot, ikaja mwaka 1982, ya tatu 1989, na ya nne, Animal Kingdom, mwaka 1998. Ongeza bustani mbili za maji, mahoteli, maziwa na mabasi yao wenyewe. Mtu anaweza kukaa wiki nzima asitoke nje ya geti.

Sasa kisa chenyewe.

Dada yangu, binti wa mama mkubwa, anaishi Marekani mwaka wa tisa huu na mumewe. Yeye anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya mchana. Shemeji anapakia mizigo ghalani, zamu ya usiku. Wana watoto wawili, wa kiume miaka sita, wa kike miwili. Maisha yao yako hivi: saa kumi na mbili jioni dada anaingia, shemeji anatoka. Wanakutana mlangoni kama walinzi wanaokabidhiana lindo. "Huyu kala. Huyu ana kikohozi. Haya, kwaheri." Hiyo ndiyo ndoa. Ilifika mahali wakawa wanagombana kwa vikaratasi vilivyobandikwa kwenye friji, maana hata muda wa kugombana ana kwa ana haukuwepo. Dada mwenyewe kanihadithia, na hakuwa anacheka.

Mwaka jana mama mkubwa akapata viza, akaenda kukaa nao miezi sita awasaidie wajukuu. Dada na shemeji wakaangaliana. Wakaomba likizo kazini, siku nne tu zilizoangukia pamoja. Wakakata tiketi. Siyo ya kwenda kutibiwa, siyo ya msiba. Ya bembea.

Mama mkubwa hakungoja ndege iruke. Akapiga simu Magomeni kwa mjomba: "Kaka, mwanao kaniachia watoto, kaenda na mumewe kwenye mabembea!" Ilikuwa asubuhi ya huku. Kufikia alasiri, shangazi wa Tandika anajua, ba'mdogo wa Morogoro anajua, na mtu mmoja ambaye hata sijui tunahusiana naye vipi alikuwa anajua.

Jioni kikao. Mimi nilipelekwa na mama kama mtu wa kumimina chai, lakini masikio yangu nilikuwa nayo.

Mjomba akafungua: "Tangu lini mbuzi akanyonya maziwa ya mtoto wake?" Watu wakaguna kwa kukubali, ingawa mpaka leo natafuta maana ya msemo huo. Shangazi akadakia kwamba watoto wa watu wanalia huko, wenyewe wanapiga picha na panya. (Panya ndiye yule Mickey, mwenye masikio kama sahani.) Ba'mdogo kwenye simu akasema majuu yanaharibu watu. Ikawa kila mtu anasikitikia watoto, watoto, watoto, mpaka mama yangu, ambaye ana tabia ya kusema pole pole, akauliza:

"Hivi ile ada ya mdogo wake, ya chuo, ilishatumwa?"

Kimya.

Kuanzia hapo, msomaji, hakuna aliyewataja tena watoto. Yakawa mahesabu. Nauli ya ndege shilingi ngapi, hoteli shilingi ngapi, mtu anayepanda bembea kwa madola anashindwaje kutuma ada. Mjomba aliyasema hayo akiwa amekaa chini ya bati ambalo huyo huyo dada ndiye aliyelilipia. Nilitaka kusema, lakini nilikuwa nimeshika birika.

Basi ngoja niseme hapa gazetini, ambako hakuna anayenituma sukari.

Kwanza hili la kwamba bembea ni mali ya watoto. Nani kasema? Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu, lakini kusoma sijaacha, na nilipoanza kufuatilia nikakuta mambo ni kinyume kabisa. Bustani ya Tivoli ya kule Copenhagen, Denmark, ilifunguliwa mwaka 1843. Aliyeianzisha, Georg Carstensen, alipoomba ruhusa kwa Mfalme Christian wa Nane hakusema habari za watoto hata kidogo. Alimwambia mfalme kwamba watu wakiwa wanastarehe hawafikirii siasa. Hoja hiyo ni ya watu wazima, tena wajanja.

Nenda Marekani. Mwaka 1893, kwenye maonyesho ya dunia mjini Chicago, alisimamishwa yule baba wa magurudumu yote ya kubembea, kazi ya injinia aitwaye Ferris. Urefu wake mita 80. Vibanda 36, na kila kibanda kinabeba watu mpaka 60. Nauli senti 50. Vibanda vya ukubwa wa chumba namna ile havikujengwa kwa ajili ya watoto wa chekechea.

Halafu kuna Coney Island, pale New York. Mwaka 1897 bwana mmoja, George Tilyou, alifungua uwanja wake wa Steeplechase. Mchezo mkubwa ulikuwa farasi wa bandia wanaokimbizana kwenye reli, na farasi mmoja anabeba watu wawili. Nani na nani? Kijana wa kiwandani na mchumba wake. Fikiria wakati ule, msichana anaishi kwenye chumba kimoja na wazazi na ndugu watano, wapi atashikwa kiuno bila kupigwa? Juu ya farasi wa Tilyou. Farasi anashuka bonde, binti anapiga kelele, kijana anamshika asianguke. Ndiyo biashara yenyewe. Mtoto mdogo pale angekuwa anaharibu shughuli.

Sasa huyo Walt Disney aliingiaje? Mwenyewe alisimulia kwamba siku za Jumamosi alikuwa anawapeleka binti zake wawili, Diane na Sharon, kwenye bembea la farasi wa kuzunguka, katika bustani ya Griffith mjini Los Angeles. Watoto wanazunguka, yeye kakaa kwenye benchi anatafuna karanga. Hana la kufanya. Ndipo akawaza kwamba pawepo mahali ambapo wazazi na watoto watafurahi wote pamoja. Julai 17, 1955, akafungua Disneyland pale Anaheim, California. Ona hapo: chanzo cha yote hayo ni baba aliyechoka kukaa kwenye benchi. Leo baba akinyanyuka kwenye benchi anaitishiwa kikao Magomeni.

Lakini tusidanganyane, neno lake Disney lilikuwa "pamoja". Mtu anaweza kuniuliza, kama ni pamoja, mbona hao wamewaacha watoto? Swali zuri. Jibu lake anayo dada, maana wao walishawahi kwenda wote wanne, huyu mdogo akiwa kichanga.

Anasema hiyo siku hakuona bustani, aliona mkoba. Nepi, maziwa, nguo za kubadili, kofia, dawa, biskuti, kigari cha kusukuma. Yule mkubwa alikuwa amengoja miezi mitatu kumwona panya, na panya alipotokea mtoto akapiga yowe akajificha nyuma ya baba yake. Saa saba mchana watoto wote wawili wamelala, jua la Florida linachoma, wazazi wamesimama kivulini wanatazama watu wengine wanapita.

Halafu kuna utaratibu mmoja kule ambao ukiuangalia juu juu ni wa huruma sana. Michezo mikubwa ina kipimo cha urefu. Ule mlima wa Animal Kingdom, Expedition Everest, uliofunguliwa 2006, lazima mtu awe na sentimita 112. Mwenye mtoto mfupi afanyeje? Mzazi mmoja anapanda, mwenzake anabaki chini na mtoto. Wa kwanza akishuka anapokea mtoto, wa pili anapanda bila kupanga foleni upya. Safi kabisa, hakuna anayekosa. Ila fikiria hao walikuwa ni nani: watu wanaokabidhiana watoto mlangoni kila jioni ya Mungu. Wamesafiri, wamelipa, wamefika kwenye nchi ya ndoto, na wanachofanya ni kukabidhiana mtoto kwenye mlango mwingine.

"Nilipofika juu," dada aliniambia, "kile kiti cha pembeni yangu alikuwa amekaa mzee mmoja simjui. Tumeshikana mikono na mzee wa watu mpaka chini."

Ndiyo maana safari hii hawakubeba watoto.

Na usifikiri ni wao peke yao waliogundua. Wenye bustani wameshajua siku nyingi kwamba mtu mzima ana mshiko na hana saa ya kulala. Mwaka 1989 walifungua pale Disney World mtaa mzima wa vilabu vya usiku ulioitwa Pleasure Island, ambako kwa miaka mingi kila usiku walikuwa wanasherehekea mwaka mpya, na fataki juu. Yaani Jumanne ya kawaida, saa sita usiku, heri ya mwaka mpya! Vilabu vile vilifungwa 2008. Tangu 1991 wanafungisha na harusi. Magic Kingdom yenyewe ilikaa zaidi ya miaka 40 bila kuuzia wageni pombe, mpaka 2012 ulipofunguliwa mgahawa mmoja wenye mvinyo na bia. Na ukienda Epcot kuna ziwa lililozungukwa na vijiji 11 vya mataifa, kuanzia Mexico mpaka Kanada, na kila kijiji na kinywaji chake. Watu wazima wamejipangia mchezo wao: unaanza upande mmoja, unaonja nchi kwa nchi, ukifika ya 11 hukumbuki ya kwanza ilikuwa ipi. Afrika pale ina Morocco peke yake. Palipangwa pawe na kijiji kingine cha Afrika ya Ikweta, hakikujengwa.

Lakini usinune, Waswahili hatukusahauliwa, tumewekwa kwenye wanyama. Ndani ya Animal Kingdom kuna kijiji cha kubuni kinaitwa Harambe, kimechongwa kwa kuangalia Lamu, kuta zimepaushwa makusudi zionekane za kale, na vibao vya Kiswahili. Unapanda lori unakwenda "Kilimanjaro Safaris" kuangalia twiga. Kuna hoteli ya jirani ambayo migahawa yake inaitwa Jiko, Boma na Sanaa. Dada yangu huyu hajawahi kufika Lamu wala Bagamoyo. Kaziona kuta za Kiswahili mara ya kwanza huko Florida, kwa kiingilio.

Sasa katika hicho kijiji cha Harambe kuna baa, na jina la baa ni Dawa. Kumbuka hilo, nakuja.

Siku ya pili usiku, simu ikalia hotelini. Mama mkubwa. Yule mdogo kashikwa na homa, mwili unawaka, anamwita mama yake. Dada akaruka kitandani. Shemeji akaanza kutafuta ndege ya alfajiri. Ule mlima waliupanga kesho yake asubuhi, hicho ndicho kilichowatoa nyumbani, na wote wawili walijua kwamba wakirudi sasa hawatakuja tena. Sio kwa ajili ya hela tu. Ni kwa sababu kila mtu aliyesema wamefanya ubaya angekuwa na ushahidi mkononi.

Dada anasema walipokezana simu, wakawa wanaongea wote kwa pamoja, huyu anauliza kipimo cha homa, yule anauliza kama kala, huyu anamkatiza yule, mwishowe simu ikawekwa katikati ya kitanda. Ilikuwa hivyo mpaka saa nane usiku. Dawa ya homa aliyoiacha dada ikatolewa, mtoto akapanguswa kwa maji, akatoka jasho, akaomba uji.

Shemeji akasema hata hivyo wanakuja.

Hapo ndipo mama mkubwa, huyu huyu aliyewasha moto mpaka Morogoro, akasema: "Msije. Nimelea sita, tena bila friji. Mkifika mtamkuta anacheza na nyinyi mmeshatupa nauli. Kaeni huko huko mpaka siku zenu ziishe."

Wakakaa. Asubuhi wakaupanda mlima. Kijitreni kinapanda taratibu mpaka juu, kinakuta reli imekatika mbele, kinasimama, halafu kinarudi nyuma gizani kwa kasi. Viti ni viwili viwili. Shemeji, bwana mkubwa wa kubeba makontena, alipiga kelele jina la mama yake. Dada anacheka mpaka leo akilisimulia, na mimi siku ile nilipomsikia anacheka vile ndipo nilipokumbuka kwamba hiyo sauti sikuwa nimeisikia miaka mingi.

Mchana dada akampigia mama yake kuuliza hali ya mgonjwa. Mgonjwa anakimbia sebuleni. "Na nyinyi mko wapi?" Dada akajibu bila kufikiri: "Tuko hapa Dawa." Mama mkubwa: "Dawa ya nani tena? Na nyinyi mmeugua?" Ilibidi ielezwe kwamba ni baa. Tukaambiwa kwamba hapo mama mkubwa alikata simu mwenyewe.

Aliporudi Dar, mama yangu alimuuliza ni nini kilimfanya awaambie wakae, wakati yeye ndiye aliyetuitisha. Akasema: "Miezi minne nilikuwa mle ndani, sikuwahi kuwaona wanakula sahani moja. Usiku ule nikawasikia wawili wanagombania simu moja. Nikasema waache."

Ada ya mdogo wake ilishatumwa wiki mbili kabla ya safari. Alikuwa hajamwambia mtu, na hela alikuwa ameshaila nusu. Hilo ni kisa kingine na mwenyewe anasoma gazeti hili.

Kuna jambo moja ambalo mimi nalitilia mkazo, nalo ni mtoto aambiwe nini. Mama mkubwa mwanzoni alishauri wamdanganye yule mkubwa kwamba wazazi wamekwenda kazini mbali. Nasikia wapo wanaofanya hivyo, wakirudi wanaficha hata kofia zenye masikio juu ya kabati. Huo ni upuuzi. Mtoto wa siku hizi anafungua simu ya baba yake kabla hajajua kufunga kamba za viatu, picha ataziona tu, na siku hiyo utamweleza nini? Dada alimwambia kweli: tunakwenda, wewe safari hii hapana, tunarudi siku ya nne. Akachora viboksi vinne kwenye karatasi akakibandika kwenye friji, pale pale palipokuwa na vikaratasi vya ugomvi. Mtoto akauliza swali moja tu: "Na mimi lini?" Akajibiwa, ukifika sentimita 112 tunapanda mlima pamoja. Wakampima mlangoni, akawa 109. Mama mkubwa anasema kila asubuhi alimkuta kasimama mlangoni anajipima, halafu anaomba ugali wa pili.

Tena niseme na hili, mnisamehe. Hapa hapa mjini kuna watu wanawaacha watoto na msichana wa kazi ambaye mwenyewe ana miaka 15, wakaenda dansini mpaka majogoo. Hakuna kikao. Hakuna mbuzi wala maziwa. Aliyeacha watoto na bibi yao mzazi, na dawa, na namba ya simu ya hoteli, ndiye anayesemwa, kwa sababu bembea inachekesha na dansi tumeizoea.

Na kule nako maneno yapo, tusidhani ni sisi tu. Mwaka 2019 maandishi ya mama mmoja yalizagaa kwenye mitandao, kawaka moto juu ya watu wanaokwenda Disney World bila watoto. Kisa, mwanawe wa miaka mitatu alitaka mkate wa kusokotwa, foleni ndefu, na mbele yake msichana wa kaptula fupi hana mtoto anajinunulia wake. Akataka watu wa namna hiyo wapigwe marufuku, na akina mama waruhusiwe kuruka foleni zote. Wengi walimcheka, wengine wakamuunga mkono. Mimi namwelewa uchovu wake. Ila huwezi kujua, yule wa kaptula pengine naye kaacha wawili nyumbani na anahesabu saa.

Kuna mahali kwingine kweli wanakufungia mlango. Vituo vinavyoitwa Legoland Discovery Centre, vile vya matofali ya kuchezea, mtu mzima haingii bila mtoto, ila siku maalumu za watu wazima. Mwaka 2013, karibu na Toronto, Kanada, mzee wa miaka 63 alikwenda na binti yake akarudishwa, kwa kuwa binti mwenyewe alikuwa mtu mzima tayari. Mzee kaja na mtoto wake wa kumzaa kabisa, akaambiwa hana mtoto!

Disney World hawana masharti hayo. Tena wao sheria yao iko upande wa pili: mwenye umri chini ya miaka 14 ndiye haingii peke yake.

Kwa wale ambao wameshaanza kunong'onezana na wenzi wao, bei hizi hapa, mjue mnakokwenda. Mwaka 2023 tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom, siku zenye watu wengi, ilifika dola 189 kwa mtu mmoja. Siku za kawaida hupungua. Hiyo ni mlangoni tu, hujala, hujalala, hujanywa hiyo Dawa. Mtoto wa miaka mitatu mpaka tisa anapunguziwa dola chache ambazo hata soda hazikutoshi wote, na kuanzia miaka 10 anahesabiwa mtu mzima kamili. Wa chini ya miaka mitatu anaingia bure. Na mkisema basi twende na bibi akatushikie watoto huko huko, ulizeni kwanza mfuko: bibi naye analipa tiketi nzima, sawa na kijana.